Saa Yangu ya Mvua

Kuna mwanaume mmoja hapa Brussels ambaye nimemchukia kwa miaka mingi, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba chuki ni mzigo. Mizigo nimebeba, naijua. Hii ilinisaidia kuamka asubuhi. Ilinifanya niendelee na mazoezi ya shingo wakati wenzangu wa rika langu walishaacha, na ilinifanya nikubali kazi ambazo mwanamke mwenye moyo mtulivu angezikataa.

Kazi zangu zote zina usukani. Nilianza na karting, vile vigari vya chini visivyo na paa, nikaingia rally za msituni, kisha mbio ndefu za saa nyingi ambapo madereva wawili au watatu hupokezana gari moja. Nimeshindana na malori. Nimeshindana juu ya barafu, milimani, nikiwa na soksi mbili mbili na bado nikatetemeka. Siku hizi nawafundisha madereva wa ambulensi na wa mabasi namna ya kujitoa kwenye utelezi, na kwenye kadi yangu ya kazi wameniandikia pilote polyvalente, dereva wa kila kitu. Ni sifa nzuri. Hupewa mtu ambaye hakuna timu iliyomtaka kwa kitu kimoja.

Ningeweza kuwa dereva wa kitu kimoja. Mwanaume huyo ndiye aliyeniibia.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Lubumbashi, na mwisho wa wiki alishindana rally na gari alilolikusanya mwenyewe, mlango wa gari hili, injini ya lile. Hakuwa na mtoto wa kiume, au tuseme alikuwa nao wawili wasiopenda mafuta mikononi, kwa hiyo akanichukua mimi. Msimu wa mvua ulipoanza, wakati watu wenye akili wanaweka magari yao ndani, sisi tulitoka. Tulikwenda nje ya mji kwenye barabara za udongo mwekundu, akanikalisha kwenye usukani juu ya mito miwili.

"Mama, angalia," aliniambia. Kwetu baba humwita binti yake mama, ndiyo heshima na ndiyo mapenzi. "Fasi batu yote banapita, iko na utelezi. Weye pita fasi hakuna mutu."

Mahali wanapopita wote ndipo panapoteleza. Nilipofika Ulaya nikakuta lami ina tabia ileile. Kwenye jua, magari yanapita mstari mmoja na kuacha mpira wa tairi zao pale, na mstari ule unashika vizuri. Mvua ikinyesha, mpira ule unakuwa sabuni. Anayejua hutoka nje ya kona, kwenye lami chafu ambayo haijaguswa na mtu, anazunguka mbali huku wenzake wanateleza ndani. Wazungu wanalipia kufundishwa jambo hilo. Mimi nililipata bure, pamoja na makofi mawili matatu ya kisogoni.

Nilikuja Ubelgiji kusoma, nikasoma kidogo.

Huyo mwanaume alitoka Likasi. Tulifahamiana Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, ambako Mkongo yeyote wa Brussels mwishowe hupita, kama si kwa nywele basi kwa umbea. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa na meno mazuri na maneno mazuri kuliko meno, na kwenye jua aliendesha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Timu yangu ndogo ilipohitaji dereva wa pili kwa mbio ndefu, nilimtaja yeye. Nilimshika mkono nikamwingiza. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda anapiga teke mbele ya macho yako.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu, kwa sababu bila hilo hakuna kisa. Kwenye gari la kupokezana kuna kitufe kidogo cha kuzungusha chenye namba. Namba moja ni dereva wa kwanza, namba mbili ni wa pili. Kitufe kikiwa kwenye moja, kila mzunguko unaandikwa kwa jina la dereva wa kwanza kwenye skrini za waamuzi, na skrini zile zinaonekana dunia nzima kwa yeyote mwenye simu. Dereva anayeingia hana mikono ya kuhangaika na kitufe: anafungwa mikanda, anachomekewa redio, anachomekewa mrija wa maji. Kwa hiyo kwenye timu yetu kazi hiyo ilikuwa ya anayetoka. Anatoka, anageuka, anamfunga mwenzake mikanda, anazungusha kitufe, anampiga kofi juu ya kofia, gari linaondoka.

Mbio zilikuwa kule Ardennes, mchana. Mimi nilianza, kwenye jua. Yeye akanipokea. Alipokuwa ndani, mawingu yakaja kutoka upande wa msitu, na baada ya mizunguko michache akaomba kwenye redio kuingia, kabla ya zamu yake kwisha. Alitoka garini na uso wa mtu aliyeamshwa vibaya.

"Yaya, kule iko mubaya," akasema huku ananifunga mikanda. "Kwenda pole pole."

Alivuta mikanda mpaka nikakosa pumzi. Akanipiga kofi la kofia. Kitufe hakukigusa.

Niliendesha saa nzima ndani ya mvua ile. Nilipoingia tulikuwa mkiani katika kundi la magari ya aina yetu, nilipotoka tulikuwa wa kwanza. Mwenye timu, Mbelgiji mnene asiyependa kuguswa, alinikumbatia. Kisha akaangalia skrini na akaona kwamba saa yote ile imeandikwa kwa jina la mwenzangu. Hakukasirika, makosa hayo hutokea. Kabla matokeo hayajatiwa saini, mtu anaweza kwenda kwa waamuzi, wakasahihisha. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo akamtuma aliyekosea.

Alikwenda. Nilimwona akipanda ngazi za chumba cha waamuzi huku nakunywa chai. Akarudi akitabasamu.

"Yaya, nimemaliza. Banasema banabadilisha."

Hakuwa amesema neno kule juu. Hilo nililijua jioni ile ile, njiani kurudi, baba aliponipigia kutoka Lubumbashi. Alikuwa ameshinda na simu mkononi akitazama majina na nyakati zikipanda na kushuka, kama wengine wanavyotazama mpira.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Mvua ilianguka, bakakutosha ku gari?"

Alidhani walinitoa. Aliona jina langu kwenye jua, kisha mvua ikaja na jina langu likapotea, na jina la mtu mwingine likaanza kula magari mbele yake, na hata kwenye matokeo ya mwisho likabaki hilo. Mtu aliyenikalisha juu ya mito miwili kwenye udongo mwekundu aliamini kwamba mvua ilipokuja, waliniona sifai.

"Hapana, papa. Ni miye nilikuwa mu gari. Ni yule hakugeuza bouton."

"Ah bon," akasema baba.

Kama hujakulia kwetu hujui uzito wa ah bon ya mzee. Haikubali, haikatai. Inafunga mlango polepole ili usisikike. Nilieleza tena, nikaeleza kitufe, nikaeleza ngazi, nikalia. Akaniambia nile kitu, nilale.

Matokeo yalikuwa yameshatiwa saini. Wiki iliyofuata timu kubwa ilimpigia simu mwenzangu kwa sababu ya saa moja ya mvua. Timu yetu ilivunjika kabla ya majira ya baridi, na mwenye timu alirudi kuuza matrekta. Nilipomkumbusha habari ya kitufe aliniambia gari lilishinda, kwa hiyo sote tulishinda. Na mimi nikaenda kwenye malori.

Yule bwana alikaa na timu kubwa misimu kadhaa. Bahati yake ilikuwa jua. Mvua ikinyesha alikuwa na tumbo, au mkono, au msiba kwa shangazi, mpaka wazungu wakaanza kuhesabu mashangazi. Wakamwacha kimya kimya. Kufikia wakati huo haikumuumiza, kwa sababu huku Matonge alikuwa ameshapewa cheo cha Roi ya Mvua, mfalme wa mvua, na cheo cha Matonge hakina mkataba wa kuisha.

Nilikuwa nasukwa nywele siku ya kwanza niliyomsikia. Saluni ya kinyozi mmoja inatazamana na ile ninayosukia, milango yote wazi, na yeye amekaa kwenye kiti cha kuzunguka na shuka shingoni, anasimulia. Anasimulia saa yangu. Kona kwa kona. Pale alipotoka nje, pale alipompita wa gari la njano, pale ukuta ulipomkaribia. Watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye korido. Kinyozi amesahau mashine inawaka mkononi.

"Maman, usitingishe kichwa," akasema msusi wangu.

Sikuwa nakitingisha mimi, kilikuwa kinatingishika chenyewe.

Yote hayo ningeyameza. Siku za mwizi ni arobaini, nilijisemea, na mimi najua kungoja, nimengoja taa za kuanzia maisha yangu yote. Kilichonishinda ni kilichofuata. Miguu ya baba ilianza kumsumbua, nikamleta Brussels. Tunaishi Anderlecht, ghorofa ya tatu. Hajamaliza mwezi, yule bwana akamkuta kanisani, akamwinamia, akamshika mkono kwa mikono miwili. Jumapili iliyofuata kengele ikalia. Nafungua mlango, yeye huyo, na samaki wa moshi kwenye mfuko, na sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na mkewe.

"Yaya, bonjour. Papa iko?"

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili. Kwetu mgeni wa baba hafukuzwi na mtoto, hata mtoto huyo awe ndiye analipa kodi ya nyumba. Anakaa kwenye kochi langu. Anakula kwenye sahani yangu. Na baada ya kula baba anaegemea, anafumba macho na kusema, "Bon. Elezea." Ndipo mwizi anamsimulia baba yangu saa yangu, nyumbani kwangu, na mimi niko jikoni nasugua sufuria ambayo imeshang'aa tangu dakika kumi zilizopita.

Nilimuuliza baba mara moja kwa nini anamvumilia.

"Anakuya," akajibu. Anakuja. Basi.

Usiku ule nilikata shauri. Nilitaka baba aone. Maneno nilishayamaliza siku ya simu, sasa nilitaka macho yake yaone nani anajua mvua na nani anaijua kwa kusimulia, na nilitaka aone mbele ya watu, wale wale wa korido. Kama ningeweza kumnyang'anya mtu yule baba yangu bila kumgusa, ningelala vizuri. Mtenda hutendwa, na mimi sikuona sababu ya kumwachia Mungu kazi ambayo naiweza.

Nafasi ikaja yenyewe. Chama cha wazazi wa Katanga, mkoa wetu, kilitaka siku ya karting kwa familia, kwenye uwanja wa wazi nje ya mji, na wakaniomba niwapangie. Nilikubali haraka mpaka mwenyekiti akashtuka. Walipendekeza Julai. Nikasema Julai watu wako likizo, tufanye Novemba. Mama mmoja akauliza kama Novemba hakuna mvua.

"Kidogo," nikasema.

Mgeni wa heshima nilimtaja mimi mwenyewe. Wote wakapiga makofi, wakasema jamani, yaya huyu ana moyo mkubwa. Jumapili kanisani niliwasha mshumaa nikaomba mvua. Kuomba mvua Ubelgiji mwezi wa Novemba si kumsumbua Mungu sana.

Kisha nikaenda kwa kinyozi. Kinyozi yule ndiye anayeshika kipaza sauti kwenye arusi zetu zote, na ndiye anayejua kurusha jina. Hiyo ni desturi yetu Wakongo, wengine huiita libanga. Mwenye kipaza sauti anataja jina lako mbele ya watu, anakupamba, anakupandisha, na wewe uliyetajwa huwezi kubaki umekaa. Unainuka, unacheza, unatoa, unafanya ulichoitiwa. Anayetajwa akabaki kwenye kiti amejizika mwenyewe, watoto wake wataoa kwa shida. Nilimwomba kinyozi kitu kimoja tu: siku hiyo amrushie jina Roi ya Mvua kwa nguvu zake zote, tumwone akiendesha. Alifurahi kama mtoto. Alisema angefanya hata bila kuombwa.

Ilinyesha tangu asubuhi. Ilinyesha ile mvua ya Brussels isiyo na haraka, inayoshuka kama ina siku nzima, na kweli ilikuwa nayo. Nilimkalisha baba chini ya hema, mbele kabisa, blanketi miguuni. Wanawake walikuwa wameleta sufuria za wali na kuku, vijana wanacheza muziki, waungwana wa Galerie wamekuja na makoti marefu. Yeye akafika amevaa viatu vyeupe vya ngozi. Nilipoviona nikajua hana nia ya kukanyaga kiwanja.

Alikuja kumsalimia baba. Akajishika kiuno.

"Papa, mugongo inaniuma tangu jana. Leo niko spectateur, naangalia tu."

"Pole," baba akasema.

Nikamtazama kinyozi. Kinyozi akapanda juu ya meza.

"Attention, attention! Batu ya Katanga, munisikie! Mu Bruxelles yote, ni nani anayua mvua?" Akalitaja jina lake kamili, na jina la baba yake, na mtaa wa Likasi alikozaliwa. "Ni nani bazungu balikuwa banaogopa? Tunamuomba asimame!"

Makofi. Yeye akapunga mkono akiwa amekaa. Kinyozi akataja tena, safari hii na jina la mkewe na la watoto. Vigelegele. Mama mmoja akamfuta mvua begani kwa leso yake. Mara ya tatu kinyozi hakupiga kelele, alilitaja jina kwa upole, kama anavyofanya kwenye arusi kwa baba mkwe, na watu wote wakamgeukia.

Akasimama. Alipopita karibu nami akageuka.

"Yaya, weye njo ulipanga hii."

"Vaa kofia," nikamwambia.

Nasema ukweli, mikono yangu ilikuwa ya baridi kwa furaha. Tuliingia uwanjani wawili tu, yeye mbele, mimi nyuma. Kona ya kwanza ya uwanja ule inakwenda kulia, na mstari wa mpira unaonekana hata kwa asiyejua, mweusi, unang'aa. Akaufuata. Kigari kikageuka, kikaangalia kilikotoka. Watu walicheka, wakadhani anawachezea. Kijana wa uwanja akamsukuma, akaondoka, kona ya pili akaingia kwenye matairi. Bado walicheka. Mimi nilitoka nje kabisa, karibu na nyasi, kwenye lami chafu, nikampita. Nilipiga raundi nikamkuta tena, sasa anakwenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta namba ya nyumba. Nikampita tena kwa nje, nikamwinulia mkono. Ningeweza kuishia hapo. Niliongeza. Nilimpita mara nyingine, na nyingine, mpaka vicheko vikaisha na ikabaki sauti ya injini na mvua, na kila nilipopita mbele ya hema niligeuza kichwa kumtazama baba. Alikuwa amesimama. Miguu ile ile inayohitaji msaada kwenda chooni ilikuwa imemsimamisha, ameshika mlingoti wa hema.

Nilisimamisha, nikavua kofia, nikaenda kwake nikiwa nachuruzika maji. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nayo kwa miaka.

"Umeona, papa?"

"Nimeona."

"Sasa unayua ni nani."

Baba akakaa taratibu, akaweka blanketi lake sawa. "Mi nilikuwa nayua," akasema. "Tangu dimanche ya kwanza, ile ya samaki. Nilimuuliza anapita wapi mu kona. Anasema inje. Nani alimufundisha inje? Ile ni yangu. Ni ya kwangu na ya kwako."

Nilihisi ardhi inateleza, na mimi ndiye mwalimu wa utelezi.

"Unayua, na unamuacha anakuya? Anakula? Kila dimanche?"

"Mama, usikasirike." Alinishika kidole kimoja, cha mwisho. "Weye ulinielezea mwizi. Kila siku mwizi, bouton, mwizi. Yeye alinielezea mvua. Mi nilitaka kusikia namna mutoto yangu aliendesha."

Nikasema sawa, nitakuelezea mimi, sasa hivi. Nikafungua mdomo. Na hapo, mbele ya baba yangu, nikagundua kwamba sina kitu. Nakumbuka kifuta kioo. Nakumbuka mikanda ikinibana, na ukungu wa pumzi yangu. Kona gani, gari gani, wa njano nilimpita wapi, sijui. Nilikuwa naendesha. Anayeendesha namna ile hana nafasi ya kukumbuka, kila alichonacho kiko mikononi. Mwanadamu mmoja tu aliiona saa ile yote kutoka mwanzo hadi mwisho, amesimama kwenye ukuta wa kando ya njia, kwenye mvua, na skrini yenye picha za mbio mkononi, na alikuwa anakuja kuelekea hema letu, viatu vyeupe vimekuwa vya kahawia, hakuna anayemtazama usoni.

Nilimchukia kuliko siku zote. Nikampokonya kinyozi kipaza sauti, nikamkabidhi.

"Elezea," nikamwambia. "Na jina yangu."

Alinitazama, akamtazama baba. Nilidhani atakimbia. Watu walikuwa wamejikusanya, makoti marefu na sufuria na watoto, na mvua inapiga turubai. Akalitaja jina langu lote, na la baba yangu, kama libanga inavyotaka, na akasema kwamba siku ile ya Ardennes yeye aliogopa akatoka, na mimi nikaingia, na kwamba alipotumwa kwa waamuzi alifika mlangoni, hakugonga. Kisha akaanza kona ya kwanza.

Alijua kila kitu. Alijua nilitoka nje wapi na kwa upana gani. Alijua wa njano nilimpita kwenye mteremko, pamoja na mwingine wa bluu, wote wawili kwa mpigo, na kwamba nyuma yao gurudumu langu moja liligusa nyasi na mwenye timu akafumba macho. Nilisimama nasikiliza kama wengine, sijui kinachofuata. Wanaosema kisasi hakina utamu hawajakionja. Kilikuwa kitamu, kilinishuka mpaka magotini. Halafu akafika mahali ambapo hakuwahi kufika kwenye kochi langu wala kwenye kiti cha kinyozi.

"Na mu redio," akasema, "yaya alikuwa anaimba."

"Anaimba nini?" baba akauliza.

"Ule wimbo ya kwaya, papa. Alituambia ni weye unaimbaka ku garage, ukiwa chini ya gari. Saa yote. Mécanicien alitaka kufunga son ya redio, patron akamukataza."

Sikukumbuka. Mpaka leo sikumbuki. Baba alifunika uso kwa blanketi, na mabega yake yakatingishika, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. Hilo yule bwana hakuweza kuliiba kwa sababu hakujua maneno ya wimbo.

Baba alipofunua uso alimtazama yeye kwanza, si mimi.

"Dimanche ukuye," akamwambia. "Utaelezea tena. Lakini sawa vile umeelezea leo."

"Oui, papa."

Anakuja. Sijamsamehe, na hajaniomba, na Matonge sasa wanamcheka akipita, jambo ambalo linanifurahisha kila ninapolisikia. Lakini Jumapili kengele ikilia ni mimi ninayefungua mlango na kuupokea mfuko wa samaki. Sufuria naziacha chafu, nakaa karibu naye kuliko baba, na akichelewa kuanza, mimi ndiye ninayemwambia aanze.